Siku Moja Maishani Mwangu: Kutembeza Watoto Kisumu Bila Haraka

Kazi yangu ni kutembeza wageni mjini Kisumu, na wageni wangu wengi bado hawajafika darasa la tatu. Wazazi ndio wanaolipa, lakini watoto ndio wanaoamua kama siku itaenda au itakwama. Jumamosi hii nilikuwa na familia kutoka Nakuru: baba, mama, binti wa miaka saba, mdogo wake wa kiume wa miaka minne, na kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu, wa kubebwa.

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya chai, simu. Nampigia jaduong', yaani mzee, wa mashua kule Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, na kumuuliza mambo mawili: upepo umekaaje, na gugumaji liko wapi? Gugumaji halina makao. Upepo unaweza kulisukuma usiku mzima, asubuhi ukalikuta limeziba mahali mashua zinapotia nanga. Akiniambia njia imefungwa, napangua ratiba wageni wakiwa bado usingizini. Leo maji yako wazi.

Asubuhi ziwa hutulia. Jua likipanda, upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu na mawimbi huinuka. Kwa hiyo mtoto nampandisha mashua asubuhi, hata kama picha zote mtandaoni ni za machweo.

Baba watoto alikuwa amenitumia orodha yake jana usiku: Dunga, Hifadhi ya Impala, Makavazi ya Kisumu, Kit Mikayi, mstari wa ikweta kule Maseno, na Kisiwa cha Ndere. Kila mahali hapo panastahili kuonwa, na ungekuwa mtu mzima mwenye siku tatu ningekupeleka kote. Kwa siku moja na watoto nilibakisha pa kwanza patatu. Kit Mikayi, lile jiwe refu, ni karibu kilomita 30 nje ya mji, njia ya Bondo. Maseno ni njia ya Busia. Ndere ni safari ya maji inayomeza nusu siku. Mtoto wa miaka minne akishakalishwa garini kwa muda huo wote, mwonyeshe jiwe refu kama ghorofa, yeye atakuuliza choo kiko wapi.

Hesabu yangu huanza na barabara. Dunga na Impala ziko upande mmoja wa mji, ukipitia Milimani, basi asubuhi nzima gari linaelekea upande mmoja tu. Makavazi yako upande mwingine, njia ya Nairobi, na hayo nayaweka jioni. Katikati ni chakula na usingizi, na hapo siweki kitu kingine chochote.

Saa 1:15 asubuhi

Nawakuta hotelini wakimalizia chai. Nakagua mfuko wao kabla hatujatoka: kofia, maji, nguo za kubadilisha, ndizi mbivu, na biskuti. Biskuti nazihamisha kutoka kwenye pakiti hadi mkebe wenye kifuniko, na mkebe unaingia chini kabisa ya mfuko. Sababu tutaikuta Impala.

"Anti, tutaona kiboko?" binti akaniuliza.

"Tukimwona, tutamwona kwa mbali. Hatumsogelei."

Hilo huwa nalisema mapema, nikiwa nimemtazama mtoto machoni, wazazi wakisikia. Wapo watu wazima wanaomsihi nahodha asogee kidogo wapate picha. Watoto wakishaijua kanuni, ndio wanaokuwa wa kwanza kuwakatalia.

Saa 1:45

Dunga asubuhi ina kazi zake. Mashua zinaingia, akina mama wanangoja samaki kwa mabeseni, omena imetandazwa juani. Kijana wa miaka minne alibana pua. Mama yake akataka kumkemea, nikamwambia mwache, dada, baada ya muda atazoea. Akazoea.

Sasa jaketi la kuokoa maisha. Usikubali kuambiwa tu kwamba yapo, hata kama unatembea na mtu mwingine na si mimi. Mvalishe mtoto, funga kamba zote, halafu shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na ndani ya maji litamvuka. La binti lilimkaa sawa. La kaka yake lilipanda, tukabadilisha, la pili nalo likapanda, jaduong' akaenda kutafuta dogo zaidi na sisi tukangoja. Hakuna mashua inayoondoka na mimi mpaka hapo pawe sawa. Kitinda mimba hakupanda kabisa. Yeye na baba yake walibaki kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mafunjo, na sidhani walikosa kitu: viota vya kwera vinaning'inia hapo juu ya maji kama vibuyu, na ndege wenyewe wanapiga kelele tangu alfajiri. Kwenye mafunjo hayo yupo pia ndege mmoja mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa manjano, ambaye watu husafiri kutoka ng'ambo kuja kumtafuta. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana haja naye. Kwera wanamtosha.

Majini tulikaa nusu saa tu. Furukombe alikuwa juu ya mti, kichwa cheupe, na nahodha akazima injini ili tumsikie akilia. Huo ukimya watoto waliupenda kuliko mwendo. Kiboko hakutokea.

Kurudi, kijana akataka kunawa mikono ziwani. Hapo nachuchumaa na kumweleza bila kumtisha. Kwenye maji yaliyotulia kando ya ufuo kuna konokono wadogo, na konokono hao hubeba vijidudu vya kichocho ambavyo hupenya ngozi hata isiyo na kidonda. Kwa hiyo mguu hauingii ziwani, mkono hauingii ziwani. Maji ya kunawa niko nayo kwenye kijibuyu cha plastiki. Alinawa, akaomba anawe tena, nikammiminia.

Saa 3 kasorobo

Impala. Hifadhi hii ilitangazwa rasmi mwaka 1992 na haifiki hata nusu kilomita ya mraba, na udogo wake ndio unaonifanya niipende kwa watoto. Choo hakiko mbali, kivuli kipo, ukichoka unarudi. Kiingilio nilikuwa nimelipa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, tangu jana, kwa sababu kusimama langoni na mtandao unaosuasua huku watoto wanachomwa na jua ni kuanza vibaya.

Simba na chui wako vizimbani, na ndio wanaotajwa kwenye matangazo. Lakini simba saa hizo mara nyingi amelala. Mimi huwaanzisha watoto na swala pala, ambao wanatembea huru humo ndani, na kuwapa kazi: tafuteni mistari mitatu myeusi upande wa nyuma, mmoja mkiani na mmoja kila paja. Binti aliipata kwa swala wa kwanza. Mdogo wake alihesabu kila swala aliyepita, akahakikisha kila mmoja anayo. Kisha nzohe, swala wa vinamasi. Hapo kazi ni kutazama miguu: kwato zake ni ndefu na zimepanuka ili asizame kwenye tope. Binti alisimama kimya kwa muda, akavua kiatu kimoja na kutanua vidole vyake ardhini kuona kama na yeye anaweza.

Tumbili walikuja, kama nilivyojua. Wanajua mlio wa karatasi ya biskuti kuliko mtu yeyote. Familia nyingine mbele yetu ilifungua pakiti, na tumbili mmoja akaipokonya mkononi mwa mtoto, mtoto akalia hadi akashindwa kupumua. Ukimlisha tumbili leo umemfundisha kumvamia mtoto wa kesho, na hilo nalisema kwa sauti, hata kwa wageni wasio wangu.

Baba, akitazama ziwa, akaniuliza habari za mji. Nikamweleza kwa ufupi: reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1901, na mahali pakaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Watoto walikuwa wameinamia msafara wa siafu. Niliwaacha. Siafu ni wanyama pia, na kiingilio kilishalipwa.

Tulitoka saa 5 kasoro, kabla ya mtu yeyote kuchoka. Wazazi wengi hungoja mtoto alie ndipo waondoke, na akishalia, siku yote iliyobaki inakwenda na kilio hicho.

Saa 5:45

Samaki nilikuwa nimeagiza kwa simu tukiwa bado hifadhini. Samaki mzuri wa Kisumu haji haraka: anakaangwa, kisha wengine humpika tena kwa nyanya na vitunguu. Ukifika na watoto wenye njaa ndipo uagize, umejitafutia balaa. Tulipoketi, ugali ulikuwa unapakuliwa.

Wakubwa walipata ngege, yaani tilapia, mzima. Wadogo niliwaagizia mbuta, yaani sangara, kwa sababu nyama yake ni nene na mifupa yake ni mikubwa, inaonekana. Ngege ana miiba myembamba, haifai kwa mtoto anayekula huku anaongea. Binti alikataa mbuta, akataka ngege kama mama. Haya. Nikamwonyesha: anza mgongoni karibu na kichwa, chota nyama kwa vidole kuelekea mkiani, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada kabla ya kuitia mdomoni. Vidole huujua mwiba kabla ya ulimi. Alitoa mwiba wa kwanza, akauweka pembeni ya sahani, akaendelea. Alikula polepole, ulimi umetoka kidogo kwa umakini, na upande mmoja wa samaki ukaisha. Mama yake aliacha kula akawa anamtazama tu.

Saa 7:15 mchana

Hotelini, pazia, usingizi. Jua la Kisumu saa hizi si la mchezo, na hakuna kivutio kinachonifanya nimtoe mtoto humo. Baba aliniuliza kama yeye na binti wanaweza kuruka usingizi wakaenda sokoni Kibuye. Nikamwambia wapumzike tu kitandani kwa dakika 20, wakishindwa kulala wanipigie. Hawakupiga.

Mimi nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikala na mama yangu, nikaangalia mawingu.

Saa 10 jioni

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mvua ya Kisumu hupenda mchana wa baadaye, na huja na radi, ndiyo sababu nyingine ya kutokuwa ziwani saa hizi. Makavazi yana paa. Yalifunguliwa mwaka 1980, na kwa watoto yana kipimo kizuri: chumba cha maonyesho, samaki wa ziwa kwenye matangi ya vioo, nyoka, mamba, na boma la Kiluo liitwalo Ber-gi-dala.

Mle ndani kuna simba aliyekaushwa anamrukia nyumbu. Mtoto mdogo nampa mkono kwanza, ndipo tunaingia, kwa sababu huyo anaonekana hai. Kijana alijificha nyuma ya sketi yangu, akachungulia, akasema "amekufa?", akatoka. Kwenye matangi binti alimtambua ngege. "Anti, huyu ndiye nilimla." Tukasimama hapo kwa muda mrefu.

Mvua ilitukuta Ber-gi-dala, tukajibanza chini ya paa la nyasi. Nikawaonyesha kupitia mvua: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ile inayotazamana na lango, na ghala la nafaka lililoinuliwa kutoka ardhini. Kitinda mimba alinyoosha mkono nje ya upenu kudaka matone, na hakuna aliyemwambia tuondoke. Huo muda ambao haukuandikwa popote kwenye ratiba ndio ninaoutetea kila mara mzazi anapotaka tuongeze mahali pa nne.

Saa 11:30 jioni

Mvua ilipokatika niliwapa kitu walichokuwa wakikitazama tangu asubuhi: tuktuk, kutoka makavazi hadi mjini, mtaa wa Oginga Odinga, tukapita mnara wa saa uliozinduliwa mwaka 1938, baba akitufuata kwa gari. Mtoto anakaa katikati, mtu mzima kila upande, kwa kuwa tuktuk iko wazi pembeni. Kijana alipunga mkono kwa kila mtu mtaani na watu wa Kisumu, Mungu awabariki, walimpungia.

Baba alitaka machweo ya Hippo Point. Pale ni pazuri kweli, lakini ukanda wa ziwa una malaria, na mbu wake huanza kazi giza likiingia. Nilimshauri watoto wawe wameshavaa mikono mirefu na kuingia ndani kabla ya saa moja, halafu yeye na mkewe wapokezane kesho kama bado wana hamu. Alikubali. Wengine hukataa, nami nawaachia ushauri na dawa ya kupaka.

Saa 2 usiku

Malipo yameingia. Natoza kwa siku, si kwa idadi ya mahali, ili nisije nikashawishika kuwakimbiza watoto kwa ajili ya mfuko wangu.

Kuna ujumbe mpya: nyanya anakuja na wajukuu wake, pacha wa miaka mitatu, na anauliza kama siku moja itatosha kwa Dunga, makavazi na Kit Mikayi. Nimemjibu, "Shikamoo nyanya. Karibuni sana Kisumu. Naomba kwanza nijue pacha hulala mchana saa ngapi, na kama kuna anayetapika garini. Na wewe magoti yako yanaweza ngazi?"