Kinga isiyo na kiti, wiki ya sita: freni imeshika

Leo freni ya nyuma ya kinga yangu, yaani baiskeli, imeshika. Naanza na hilo maana ndiyo habari yenyewe. Mengine yote ya wiki hizi yalikuwa njia ya kufika hapo.

Kwa aliyechelewa: nageuza kinga kuukuu ya milimani, magurudumu ya inchi 26, iwe ya triali, mchezo wa kupanda vizuizi na kuruka kutoka jiwe hadi jiwe bila mguu kugusa chini. Kwa mawe, Goma hatuna njaa. Nyuma ya nyumba yetu bado kuna lava ya Januari 2002 ambayo hakuna aliyejaliwa nguvu ya kuivunja. Imekaa kama ngazi iliyojengwa na mlevi.

Kiti kiliondoka siku ya kwanza. Fundi wangu wa Birere aliangalia lile bomba lililobaki wazi, akaniangalia na mimi.

“Sasa utaikala wapi, mudogo?”

“Sitaikala, muzee. Ni kusimama tu.”

Akacheka, akakata bomba, akaziba mdomo wake. Mbele tulitoa sahani mbili kubwa za mnyororo tukabakiza ndogo ya meno 22, nyuma tukaweka meno 18. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja na kama robo. Barabarani ni aibu tupu, watoto wa shule wananipita kwa miguu. Kwenye jiwe, mkanyago mmoja unakunyanyua.

Shida ni friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke hata ukiacha kukanyaga, na kinachokamata ukikanyaga tena. Hii ya sokoni niliihesabu mlio kwa mlio, kila mlio ni mahali inapoweza kukamata: 16 kwa mzunguko mzima. Kwa meno yangu, pedeli inaweza kwenda karibu digrii 18 bure kabla haijakamata, na wakati huo wewe umeshaanza kuruka. Kinga za mashindano zilihamishia friwili mbele, kwenye pedeli, na zipo zenye milio 72, yaani digrii 5 tu. Mnyororo wake hauachi kutembea hata ukiacha kukanyaga, kwa hiyo suruali pana kaa nayo mbali. Mimi sina hiyo. Nimejizoeza kuvuta pedeli mpaka ikaze, ndipo niruke.

Sasa freni. Watu hudhani mchezo huu ulikua kwa kuongeza nguvu. Upande wa pikipiki, ambako ulianzia, ilikuwa kinyume. Sammy Miller, bingwa wa triali ya pikipiki, aliacha pikipiki yake ya Ariel ya 500cc, akaenda Hispania kutengeneza na kampuni ya Bultaco mashine nyepesi, ndogo karibu kwa nusu, na mwaka 1965 akashinda nayo Scottish Six Days Trial, mashindano ya triali ya siku sita huko Uskoti. Baadaye, hukohuko Hispania, Pere Pi wa kampuni ya pikipiki ya Montesa alimfundisha mwanawe Ot mambo hayohayo juu ya kinga ya kawaida, na Ot akaja kuwa bingwa wa dunia wa triali ya kinga. Kinga haina injini ya kukuokoa. Ukitua kwa gurudumu la nyuma juu ya jiwe la upana wa sahani, gurudumu likisogea kidole kimoja umekwisha. Ndiyo maana Magura HS33, freni ya mafuta inayobana ringi pande zote mbili, ilipendwa sana na watu wa triali: kidole kimoja kinatosha kulifunga gurudumu kama limepigwa msumari.

Bei yake siitaji hapa, mama asije akasoma.

Nina freni ya kamba na raba za kawaida. Wiki ya nne, baada ya mvua, nilitua vizuri kabisa, nikavuta, na ringi ikapita katikati ya raba kama sabuni mkononi. Kidevu kilishonwa nyuzi tatu. Nikakumbuka kwamba Ulaya wapo wanaopaka lami kwenye ringi. Nilijaribu. Ilishika siku moja, kisha vumbi letu la volkano likanatia humo, ikawa uji mweusi unaorukia miguu. Wakati huo jirani yangu wa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, anateremka na magunia ya makaa, freni yake ni kipande cha pine, yaani tairi, anachokikanyaga juu ya gurudumu, na anasimama anapotaka!

Dawa ilikuwa kukwaruza. Fundi alishika mashine ya kukatia chuma, mimi nikazungusha ringi polepole, diski ikigusa juujuu tu kwa mshazari, mistari iliyobanana pande zote mbili. Ukibonyeza unapunguza unene wa alumini na siku moja ringi itapasuka. Ya kwanza tuliiharibu hivyohivyo. Hii ya pili ukiipitishia ukucha inakwangua kama tupa. Nimebadilisha pia kamba, na ala yake nikaifupisha isipinde ovyo.

Asubuhi ya leo nilipanda jiwe la tatu, nikavuta freni. Ililia kama mbuzi anayevutwa sokoni, mbwa wa jirani wakajibu. Lakini gurudumu halikusogea. Nilikaa pale juu nikirukaruka mahali pamoja, nikahesabu mpaka 11.

Ya 12 ilikuwa mlio wa shambre, mpira wa ndani ya pine, kupasuka. Nilikuwa nimeacha upepo kidogo ili pine ikumbatie jiwe, na lava ina meno. Jumatatu narudi Birere.