Tarumbeta baada ya miaka: midomo ndiyo inayopanga ratiba

Mwanza, Jumapili jioni

Wanaorudi kwenye tarumbeta baada ya miaka mingi huulizia kwanza mafuta ya valvu (vile vitufe vitatu vya kubonyeza) na nyimbo za kuanzia. Mimi naona swali la kwanza liwe midomo. Vidole havisahau, sikio nalo halisahau sana. Misuli inayouzunguka mdomo ndiyo hulegea, na hapo ndipo penye mtego: siku za mwanzo sauti hurudi upesi, mtu anafurahi, anapiga saa nzima, kesho yake mdomo umevimba na umekuwa mgumu. Sasa anakandamiza kipulizio, kile kipande cha kuwekea midomo, kwenye meno ili noti za juu zitoke, na kweli zinatoka, kwa muda. Lakini mdomo uliokandamizwa haupati damu vizuri na hautikisiki kwa uhuru, kwa hiyo anazidi kukandamiza. Wengi wanakata tamaa hapo na kuliuza tarumbeta lenyewe.

Ndiyo maana kwangu mapumziko ni sehemu ya mazoezi. Unapiga kwa muda fulani, unapumzika kwa muda uleule, tarumbeta likiwa limeshuka kabisa kutoka mdomoni.

Kabla ya yote, lioshe. Tarumbeta lililokaa kabatini miaka kadhaa huku kwetu kandokando ya ziwa huwa na utando wa kijani ndani, slaidi (mabomba yanayovutwa na kurudishwa) zimeshikana, na valvu zinakwama katikati. Maji yawe ya uvuguvugu, maana ya moto huchubua vanishi. Sabuni ya vyombo, matone machache tu, na brashi ndefu inayopinda ipite kwenye kila bomba. Toa valvu zote tatu, zipange juu ya taulo kwa mpangilio wake; kwa kawaida zimeandikwa 1, 2 na 3, na ukizichanganya pumzi haitapita. Vipande vya felti vya juu visilowe. Kipulizio kikigoma kutoka, usikishike kwa plaizi: bomba linalokipokea ni jembamba na hujikunja kirahisi. Fundi wa vyombo ana kifaa chake cha kukivuta.

Likishakauka, tia matone matatu au manne ya mafuta ya valvu kwa kila valvu. Mafuta ya kupikia hugeuka kuwa gundi. Mafuta ya taa nayo usiyatie kabisa, kwa kuwa unavuta pumzi puani na mdomoni ukiwa umeshikilia chombo hichohicho. Slaidi zinataka kitu kizito, na mafuta ya mgando ya dukani yanatosha, isipokuwa slaidi ya tatu ambayo lazima iteleze: hiyo paka kidogo sana, kisha ongeza tone la mafuta ya valvu. Kagua pia bomba la kwanza, lile linalopokea kipulizio. Madoa ya rangi ya waridi yenye kitone cheusi katikati maana yake zinki iliyochanganywa na shaba inaliwa, na mara nyingi uharibifu umeanzia ndani, kwa hiyo kulisugua kwa nje hakusaidii kitu. Kinga yake ni ndogo: baada ya chai ya maziwa au soda, sukutua mdomo kwa maji kabla ya kushika tarumbeta, na ukimaliza mwaga unyevu wote uliomo.

Sasa ratiba yenyewe. Wiki mbili za kwanza ziwe dakika 15 asubuhi na 15 jioni, basi. Hata kama unajisikia vizuri.

Dakika ya kwanza ni pumzi tupu: vuta kwa hesabu 4, toa kwa hesabu 8, mabega yametulia. Kisha chukua kipulizio peke yake, kishike kwa vidole viwili tu ili usipate nguvu ya kukikandamiza, utoe mlio unaopanda na kushuka kama king'ora. Dakika moja inatosha.

Zinafuata sauti ndefu, na hapa sikubali haraka. Weka metronomu ya simu, kipima mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Anza na G ya mstari wa pili, isiyobonyezwa valvu yoyote. Ishike kwa hesabu 8, shusha tarumbeta kwa hesabu 8. Teremka nusu toni moja moja: F shapu kwa valvu ya 2, F kwa 1, E kwa 1 na 2, E flati kwa 2 na 3, D kwa 1 na 3, D flati kwa zote tatu, hadi C ya chini ambayo haina valvu. Ni dakika mbili na sekunde chache, na zimebeba karibu kila kitu unachohitaji kujua kuhusu hali ya midomo yako siku hiyo. Ukisikia upepo unatangulia noti, pembe za mdomo zimelegea au midomo imeachana mno. Kaza pembe, acha katikati pabaki laini, na upige polepole zaidi badala ya kuongeza nguvu. Sauti ikitetereka mwishoni, ulivuta pumzi kidogo. Ikibana na kuwa nyembamba, koo limefunga.

(Waliojifunzia kwenye vikundi vya kanisa vyenye mapokeo ya Kijerumani watashangaa, kwa sababu noti ninayoiita G wao huiita F. Mapokeo yale husoma sauti halisi, sawa na kinanda, ili wapigaji wasome moja kwa moja kwenye kitabu cha nyimbo. Bendi za mapokeo ya Kiingereza husoma toni moja juu. Baki na mfumo uliojifunza. Kuugeuza wakati midomo bado inapona ni kujitwisha kazi mbili.)

Halafu kuunganisha noti bila kuanzisha kila moja kwa ncha ya ulimi: G hadi C ya juu yake na kurudi, bila valvu, kisha mwendo uleule kwa 2, kwa 1, kwa 1 na 2, 2 na 3, 1 na 3, na zote tatu. Mikao hiyo saba inashuka nusu toni kila mara. Anayepandisha noti ni ulimi unaoinuka ndani ya kinywa na pumzi inayokwenda kasi. Mkono wa kushoto usivute tarumbeta kuelekea mdomoni; ukitaka kuhakikisha, simama mbele ya kioo.

Kuanzisha noti kwa ulimi na skeli (ngazi ya noti) havihitaji maelezo mengi: noti moja, silabi "tu", metronomu 72, kisha skeli moja kwa siku ndani ya oktavu moja. Maliza kwa ubeti mmoja wa wimbo wa ibada unaoujua kwa moyo, ukivuta pumzi pale waimbaji wanapovuta.

D na D flati za chini zitasikika ziko juu kidogo kuliko inavyotakiwa, hata kwa chombo kizuri. Bomba la kila valvu limepimwa kwa kulinganisha na tarumbeta lisilobonyezwa. Ukibonyeza mbili au tatu kwa pamoja, bomba zima limeshakuwa refu na nyongeza hazitoshi tena. Sukuma slaidi ya tatu nje kwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kama sentimita 1 kwa D na karibu mara mbili ya hapo kwa D flati, ukihakikisha kwa tyuna, kipima usahihi wa noti.

Mahali pa kupigia ni suala zito mjini hapa. Nyumba za milimani Mabatini na Igogo zimebanana, na anayeishi karibu na hospitali ya Bugando awafikirie wagonjwa. Myuti ya mazoezi, kizibo cha kupunguza sauti, husaidia, ila huzuia pumzi na kukuzoesha kusukuma. Nusu ya kipindi inatosha. Naipenda zaidi njia ya kufungua kabati la nguo na kupigia humo. Mvua ikishika bati, hutajisikia, basi fanya vidole tu. Ila Mwanza ina kitu ambacho miji mingi haina: mawe. Simama mita mbili au tatu mbele ya jiwe kubwa, kengele ya tarumbeta (mdomo wake mpana) ikilielekea, pale Capri Point au popote ulipo ufukweni. Sauti ya tarumbeta hukimbilia mbele, na mpigaji aliye nyuma hupata mabaki tu. Jiwe linakurudishia kile msikilizaji anachosikia, pamoja na ule upepo ulioutangulia mlio. Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba watu wako macho alfajiri kwa ajili ya dagaa, kwa hiyo saa moja asubuhi upande ule haumkeri mtu. Jioni, ukiona wingu la vijidudu limeinuka ziwani, ingia ndani. Huwezi kuvuta pumzi nzito mdomo ukiwa umefumbwa.

Kuanzia wiki ya tatu ongeza dakika 5 kwa kila kipindi, ufike dakika 45 kwa siku mwezi wa tatu, zikiwa bado zimegawanywa. Mwezi wa kwanza usivuke E ya nafasi ya juu kwenye mistari. Kipimo cha kuacha ni ile G ya mstari wa pili ikipigwa kwa sauti ndogo: ikigoma kutoka, siku hiyo imekwisha. Na mdomo ukiamka mgumu, leo ni sauti za chini na za taratibu, dakika 10.

Mwaliko wa harusi ndio unaoharibu kazi hii yote. Kupiga saa tatu juani juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nyimbo za juu zikifuatana bila nafasi ya kushusha tarumbeta, ni kazi ya mdomo uliokomaa. Tena gari likiruka tuta, kipulizio hugonga meno ya mbele, na jino likilegea umepoteza kinachoushikilia mdomo. Kataa hadi dakika 45 zikuache ukiwa na nguvu bado. Kikundini mwombe mwalimu sauti ya pili au ya tatu, ambayo haipandi sana na ina mapumziko mengi. Mweleze wazi kwamba midomo inarudi polepole. Mwalimu anayejua vyombo vya shaba hatakusukuma kwenye sauti ya kwanza kabla ya wakati, na akikusukuma, piga oktavu ya chini.