Nilivyopima usambamba kwa uzi mmoja tu

Nilitaka kujua usambamba wa programu yangu, yaani kazi zake ngapi zinaweza kufanyika kwa wakati mmoja. Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: "Ongeza nyuzi, pima muda, utajua." Nyuzi ni mikondo ya kazi ambayo programu huiendesha kwa pamoja, na ushauri huo umenichelewesha sana. Programu yangu inaboresha wavu wa pembetatu za Delaunay (ambamo duara linalopita kwenye vipeo vya pembetatu halina nukta nyingine ndani yake), na kila nilipoongeza nyuzi kasi ilikwama mapema. Sasa nilaumu nini? Kufuli (zinazozuia nyuzi mbili kugusa data moja kwa pamoja), kumbukumbu ya kompyuta, au kazi yenyewe haigawanyiki? Saa haikuambii. Kompaila (inayotafsiri msimbo kuwa programu) nayo haiwezi kujua, kwa sababu pembetatu ipi inapakana na ipi hujulikana programu ikishaanza kukimbia, na hubadilika kila mara.

Nikaachana na nyuzi. Niliendesha programu kwa uzi mmoja, nikichukulia kwamba viini, yaani sehemu za kompyuta zinazofanya hesabu, havina kikomo. Wazo hili si langu. Milind Kulkarni na wenzake walilitumia mwaka 2009 katika zana yao ya ParaMeter. Kila duru nachukua foleni nzima ya pembetatu mbaya (zenye pembe nyembamba mno), naichanganya bila mpangilio, kisha naipitia. Kurekebisha pembetatu moja ni kuongeza nukta mpya, na huko kunabomoa jirani zake wote ambao duara la vipeo vyao limeimeza nukta hiyo. Hilo ndilo shimo lake, na mashimo mawili yakigusana, kazi moja lazima isubiri.

Utamu uko kwenye muhuri. Kila pembetatu ina nafasi ya namba moja. Nakagua shimo zima kwanza. Likiwa huru, naandika namba ya duru kwenye kila pembetatu yake, pamoja na zile za mpakani, maana viungo vyao vitabadilika. Pembetatu mpya nazo zinazaliwa na muhuri huohuo, zisiguswe hadi duru ijayo. Duru ikiisha hakuna cha kufuta, namba inaongezeka tu na mihuri yote ya zamani inakuwa haina maana. Kazi zilizofanikiwa ndizo usambamba wa duru hiyo.

Tafadhali usiridhike na wastani. Chora duru kwa duru. Mchoro wangu ulipanda kadiri wavu ulivyokua, kisha ukashuka pembetatu mbaya zilipopungua. Algorithimu ya Borůvka ya mwaka 1926, inayotafuta njia ya gharama ndogo zaidi ya kuunganisha vifundo (nukta) vyote vya mtandao, huenda kinyume: huanza juu na kushuka, kwa kuwa vifundo vinaungana.

Katikati ya mchoro kulikuwa na kazi huru nyingi kuliko viini vyangu vyote. Kumbe wavu haukuwa na kosa. Nyuzi zilikuwa zikigombania foleni moja. Nilipoupa kila uzi foleni yake, kasi ikapanda.