Siku moja maishani mwangu: unga tumepeleka, na maji je?

Saa 9 na nusu usiku simu inaita, ni dereva wetu, sote tunamwita Mjomba, yuko Makorora kwenye bomba anajaza matenki na anasema maji yanatoka kidogo kidogo tutachelewa. Navaa, nachukua daftari na kanga mbili, bodaboda huyo.

Nieleze kazi kidogo. Kikundi chetu tuko watu 11 hapa Tanga mjini, wengi kinamama tuliokutana kwenye kikoba, alafu kuna watoto wetu walioko nje wanatuma chochote, na Ramadhani zaka zinaongeza. Kila mwezi tunapeleka unga wa lishe kwa kaya 63 zenye watoto wadogo kata ya Mwakijembe, wilaya ya Mkinga, kule juu mpakani na Kenya. Mimi ndo natunza stoo na ndo nagawa, nikikosea hesabu mtoto wa mtu analala njaa, kwahiyo nahesabu mara tatu.

Mwezi uliopita tulishusha mifuko 60 ya kilo 25, watu wakashukuru, tukafurahi. Wakati naondoka mama mmoja akanishika mkono, akasema taratibu, "Dada, Mungu awalipe, lakini huu uji nitaukorogea mate?" Hakusema kwa dharau, alikuwa amechoka. Korongo wanalochimba maji kwenye mchanga lilikuwa limebaki tope, ndoo ya lita 20 inaletwa na bodaboda kwa sh 1,000, na mtu mwenyewe hana hata 200. Sikulala siku ile. Tumepeleka unga miezi minne na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari ya maji.

Ndo maana leo tunabeba maji. Ila maji mazito jamani, lita moja ni kilo moja, matenki mawili ya lita 1,000 ni tani 2 tayari, na kenta yetu ni ya tani 3 na nusu, kwahiyo unga umeshuka kutoka mifuko 60 mpaka 40. Kikao kilikuwa kigumu. Mchangiaji mmoja aliandika kwenye grupu kwanini mwezi huu watoto wanapunguziwa chakula, nikamjibu kwamba unga mkavu bado hauwi chakula mpaka upate maji. Nasimamia hapohapo mpaka leo.

Saa 11 alfajiri tunatoka, Mabokweni tunakata kushoto njia ya Maramba. Mjomba anaendesha polepole sababu maji yanacheza kwenye matenki na kona zikija gari linavutwa upande.

Saa 1 na nusu Maramba, chai ya tangawizi na mahamri kwa mbaazi, haraka haraka. Hapa bado kijani, migomba, michungwa, huwezi kuamini unakokwenda. Milima ya Usambara inadaka mvua inayotoka baharini, ukishaizunguka ukatokea nyuma yake ardhi inabadilika, miti inakuwa mifupi ya miiba na vumbi jekundu. Vuli ya mwaka huu huko ilinyesha siku mbili tatu ikakata, mahindi yakafa yakiwa magotini. Na watu wa huku wana ndugu zao Kwale ng'ambo ya mpaka, wanakumbuka ile misimu 5 mfululizo iliyokwama Kenya, Somalia na Ethiopia toka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, kwahiyo mvua ikichelewa wiki mbili tu wanaanza kuogopa.

Saa 3 na robo tunafika. Nesi wa zahanati ametutangulia, tulishakubaliana toka mwanzo hatugawi kitu bila yeye, sisi hatujasomea. Wazee kwanza, shikamoo zangu zote, mwenyekiti wa kitongoji anasoma majina, Wakamba, Wamasai, Wadigo, wote wamekaa chini ya mgunga mmoja.

Saa 4 mpaka saa 6 ni kugawa. Kilo 15 kila kaya, ndoo moja ya maji, na vidonge vya kutibu maji, kimoja kwa ndoo ya lita 20, koroga, subiri nusu saa ndo unywe. Watoto walipoona bomba la tenki linafunguliwa wakaacha kucheza wakaja kusimama tu, hawasukumani, wanaangalia. Kuna mmoja aliweka kiganja chini ya ndoo pale panapodondoka akanywa matone. Mtu wa grupu alitaka picha, sikupiga, na sitapiga, yule mtoto akikua asijikute kwenye simu za watu akiwa na kiu.

Wakati huohuo nesi anapima. Ule utepe wa mkono, mtoto wa miezi 6 mpaka 59, ukisoma sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, chini ya hapo mpaka 11.5 ni njano, chini ya 11.5 nyekundu, utapiamlo mkali. Alafu anabonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba sekunde 3, pakibaki shimo miguu yote miwili ni uvimbe, huo nao ni utapiamlo mkali hata kama mkono unaonekana mnene.

Saa 6 na nusu akaniita. Mtoto wa miezi 14, utepe 11.1, miguu haina shimo lakini anaharisha siku ya tatu, ana homa na ananyonya kama hana nguvu. Na mama yake ni yuleyule wa mate. Nilishindwa kuongea kwa muda.

Nesi akamwelekeza, wangekuta mtoto mchangamfu na anakula angepewa zile pakiti za siagi ya karanga aende nazo nyumbani, ila kwa hali hii lazima alazwe. Mama akakataa. Ana wengine watatu, baba yao kaondoka na ng'ombe kutafuta malisho na hajulikani atarudi lini, nani atawachotea maji? Sikumlaumu hata kidogo, mtu hakatai hospitali kwa kupenda. Tukaenda mpaka kwake, nikamkuta bibi mzaa baba, nikamwamkia, nikakaa nae chini. Bibi akasikiliza, akatazama ndoo, akatazama mfuko wa unga, akasema, "Nenda mwanangu, leo maji yapo, hawa nitawapikia mimi." Mama akainuka hapohapo kutafuta kanga ya kubebea.

Hizo pakiti nazo, watu wanasema tu karanga, karanga. Moja ina gramu 92 na inatoa kilokalori 500 hivi, na uzuri wake mkubwa haikorogwi kwa maji hata tone, mtoto anapewa maji safi ya kunywa tu. Zamani tiba ilikuwa maziwa maalum ya unga, lazima yakorogwe kwa maji safi, kwahiyo watoto walibaki wodini wiki nyingi, mpaka 1996 Mfaransa André Briend na wenzake walipotengeneza hii. Ila mama mwenye watoto wanne wenye njaa atagawa tu, hata mimi ningegawa. Ndo sababu unga unatakiwa ushibishe nyumba nzima, ile pakiti ibaki kwa mgonjwa.

Saa 9 shuleni. Ndoo 37 zilizobaki tunazimimina kwenye mapipa yao ya uji. Mwalimu anasema wasichana wa darasa la 5 na 6 ndo wanaokosekana zaidi, asubuhi wako njiani na madumu. Nikaliangalia lile paa la bati, halina gata hata moja. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, tukapima kwa kamba, paa la madarasa mawili lina mita za mraba 140, hata mvua ndogo ya milimita 20 ingetoa lita 2,800, zaidi ya tulizobeba leo usiku kucha kwa dizeli ya mkopo. Yote inamwagika chini.

Saa 10 tunaondoka, mama na mtoto mbele na Mjomba, mimi na nesi nyuma na matenki matupu yanayogonga kila shimo. Saa 1 usiku tuko kituo cha afya, wanapokelewa, nawaachia kanga zangu mbili na pesa ya chai.

Saa 5 kasoro usiku nyumbani. Naoga, naandika daftari: unga kilo 945, maji lita 2,000, mgonjwa 1. Fundi wa gata kanijibu, anataka vipimo na picha ya paa, nikamtumia hapohapo. Ujumbe wa nesi ukaingia baadae: homa imeshuka kidogo, amekubali maziwa kwa kijiko, mama kasinzia akiwa amekaa kitandani.