Nilivyopima unene wa molekuli kwa rula na mafuta ya nazi

Kila nilipouliza namna ya kuwaeleza watu nanomita, nilijibiwa: waambie ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Ushauri huo haufai, namba inaingia sikio hili na kutokea lile. Hapa Tanga kilichofanya kazi ni kuwapimisha wenyewe, kwa sinia la pilau, poda ya mtoto na mafuta ya nazi. Ukiwa na sinia, vilivyobaki ni vya shilingi elfu chache.

Molekuli ya mafuta ina upande wenye oksijeni unaopenda maji, na mikia ya kaboni inayoyakimbia. Tone dogo likigusa maji yaliyonyunyiziwa poda husambaa, likiisukuma poda na kuacha duara, hadi kila molekuli ipate pa kukaa, kisha hukoma. Gawanya ujazo wa tone kwa eneo la duara, umepata unene wa tabaka la molekuli moja.

Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu nilidondosha kwa chupa ya dawa ya macho. Poda yote ilikimbilia ukingoni, kufumba na kufumbua, na katikati yakabaki macho ya mafuta yakielea. Nilipopiga hesabu nikaelewa: tone la mililita 0.05 linataka kama mita za mraba 25, sebule nzima!

Dawa yake ni unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Ukunje uwe kama herufi V, uchovye, ukung'ute, kitone kining'inie kwenye kona. Kiweke karibu kabisa na rula, tazama kwa lenzi. Kikizidi nusu milimita, kipunguze kwa kukigusa na unyuzi wa pili, mkavu. Kikipungua, kiongeze kwa kukigusa na unyuzi huo ukiwa umechovywa mafuta. Hapa usiwe na haraka: ukisoma 0.6 badala ya 0.5, ujazo unakosewa karibu mara 1.7, wakati kosa la sentimita moja kwenye duara halina madhara makubwa.

Sinia liwe na upana wa sentimita 60 hivi. Sabuni ni adui, kwa kuwa nayo hutanda juu ya maji na kuyazuia mafuta. Suuza mara nyingi, jaza maji, kisha kokota ukanda wa karatasi juu yake kuondoa uchafu. Poda ichujwe kwenye kitambaa chepesi, iwe ukungu tu. Ikiwa nzito inafanya gamba na duara linabanwa. Zima feni, funga dirisha la upande wa bahari. Asubuhi za Julai mafuta ya nazi huganda, basi loweka chupa kwenye maji ya vuguvugu.

Kitone cha nusu milimita kina milimita za ujazo 0.065. Duara langu lilifika upana wa sentimita 22, yaani milimita za mraba 38,000. Jibu: nanomita 1.7. Mwaka 1890, kule Uingereza, mwanafizikia Rayleigh alipata 1.6 kwa mafuta ya zeituni.

Wako wanaoshauri mafuta ya taa, eti yanatoa rangi kama zile za bandarini. Hayana upande unaopenda maji, kwa hiyo hayatandi kwa unene wa molekuli moja. Na rangi zile hutokea utando ukiwa na unene wa mamia ya nanomita, unaokaribia urefu wa mawimbi ya mwanga. Utando wetu hauna rangi yoyote. Bila poda usingeuona.