Nilivyoielewa presha ya busti kwenye Mini Cooper S

Geji ya busti, yaani ya presha ya hewa inayozidi ile ya kawaida, haipimi nguvu. Inapima hewa iliyosukumwa na sapachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini kwa mkanda) ambayo injini bado haijaimeza. Nilipolishika hilo, namba zote zilinyooka.

Mini Cooper S ya R53 (namba ya toleo la gari hili) ina injini ya lita 1.6 na sapachaja ya Eaton M45. Kila mzunguko, M45 hupitisha karibu lita 0.74, na huzunguka takriban mara mbili kila krenki, shafti kuu ya injini, inapozunguka mara moja. Basi inaleta kama lita 1.5 kwa injini inayoweza kumeza 0.8. Msongamano huo ndio busti. Ukiweka hedi na ekzosi zinazopumua vizuri, geji hushuka na gari huongezeka nguvu! Wengi hapo hudhani wameharibu kitu.

Mwinuko nao hudanganya. Geji inayosoma bar 0.7 Mombasa husoma karibu 0.58 Nairobi, bila paipu yoyote kuvuja. Sapachaja huzidisha hewa iliyopo, haijumlishi: Mombasa hewa ni bar 1 hivi, na 0.7 juu yake ni mara 1.7; Nairobi hewa ni bar 0.83 hivi, mara 1.7 ni 1.41, toa 0.83, inabaki 0.58.

Puli ya sapachaja, gurudumu la mkanda wake, ikiwa ndogo kwa asilimia 15 huongeza mzunguko wake kwa asilimia 17.6, kwa sababu 100 gawanya kwa 85. Inataka mkanda mfupi zaidi. Nilifunga plagi zinazopoa zaidi kwa hatua moja, mwanya milimita 0.7, halafu nikapima kwa gia ya tatu, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, barabara ikiwa tupu: mchanganyiko wa hewa na petroli ubaki karibu 12 kwa 1, na kompyuta isirudishe taimingi (wakati wa cheche) nyuma. Ikirudisha, injini inagonga, yaani petroli inalipuka ovyo. Kwa kawaida chanzo ni joto, maana intakula, kipoza hewa ya sapachaja, ya gari hili imekaa juu ya injini na kwenye foleni huiva kabisa. Hewa ya moto hupandisha geji huku oksijeni ikipungua.

Gari likidundadunda ukikanyaga kidogo, angalia valvu ya baipasi, inayorudisha hewa isiyohitajika, kabla ya kulaumu puli.

Mafuta ya gia za sapachaja, mbele na nyuma, nayabadilisha hata kama hakuna anayeyataja. Gia za nyuma ndizo zinazozungusha pampu ya maji. Yakikauka, meno huliwa, na mshale wa joto hupanda huku geji ya busti ikisoma vizuri kabisa.