Thermopylae kwenye runinga ya Magomeni

Jumapili iliyopita nilishinda Magomeni kwa dada yangu, na mpwa wangu akanikalisha mbele ya runinga nimtazame akicheza Assassin's Creed Odyssey, mchezo uliotolewa na Ubisoft mwaka 2018. Mchezo huo unafunguka Thermopylae, njia nyembamba huko Ugiriki ambapo Wagiriki walipigana na Waajemi mwaka 480 kabla ya Kristo, na mchezaji hukabidhiwa mkuki wa Mfalme Leonidas wa Sparta na kuingizwa vitani moja kwa moja. Kisha hadithi inaruka hadi mwaka 431 kabla ya Kristo, na mhusika mkuu sasa ni mjukuu wa mfalme huyo. Mpwa wangu hana habari na mambo ya ukoo. Anachokipenda ni teke la Kisparta la kumtupa adui gengeni, na kila alipolipiga, kidole gumba chake kilikandamiza padi kana kwamba kitufe ndicho kilichomkosea.

Mimi nilikuwa nikiitazama ardhi. Jina Thermopylae maana yake ni malango ya moto, kwa sababu ya chemchemi za maji moto zinazobubujika chini ya mlima hadi leo. Zamani njia ilibanwa kati ya mlima na bahari: Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anaandika kwamba upana wake, kwa vipimo vyetu, ulikuwa kama mita 15, na kwamba mbele na nyuma ya hapo palikuwa na sehemu ambazo ungepita mkokoteni mmoja tu.

"Sasa mjomba, wingi wa Waajemi unawasaidia nini hapo?" aliuliza mpwa wangu, bila kugeuka.

Alikuwa ameshaipata hesabu yote. Wagiriki wapatao 7,000 walilizuia jeshi kubwa la Xerxes, mfalme wa Waajemi, kwa siku mbili kwa sababu, katika wembamba ule, waliopigana ni wale wa mbele tu, na waliobaki walisubiri zamu ya kufa. Kilichowaponza ni Ephialtes, mwenyeji wa eneo lile, aliyewaonyesha Waajemi njia ya mlimani ya kuwazungukia kwa nyuma.

Anayekwenda huko leo haikuti bahari. Mto Spercheios umemwaga tope pale kwa karne nyingi hata ufuko ukasogea kilomita kadhaa, na penye kichochoro pamekuwa uwanda. Nilimwambia asistaajabu, kwani Jangwani si mbali na kwao, na ameshauona mchanga wa Mto Msimbazi ukijaa chini ya daraja hadi maji ya mvua yakapita juu ya barabara. Bahati nzuri kilima cha Kolonos, walikofia Wagiriki wa mwisho, hakikufukiwa; mwaka 1939 mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alichimba hapo na kukuta vichwa vingi vya mishale.

Kero yangu ni ile hesabu ya Wasparta 300 ambayo kila mtu anaijua. Siku ya tatu, Leonidas alipowaruhusu wengi waondoke, walibaki pia watu 700 wa mji wa Thespiae, ambao hawakuwa askari wa kazi kama Wasparta, nao wakafa hapo hapo.

"Na hao wana sanamu?" mpwa wangu aliuliza, safari hii ameweka padi chini.

Wanayo. Leonidas alijengewa mnara wake mwaka 1955, na wa Thespiae wakasubiri hadi 1997. Sanamu yao ni ya mwanamume mwenye mabawa, na haina kichwa.